Sumaku, Maji, Povu au Chokaa: Kuchagua Njia ya Kupunguza Salfa ya Makaa ya Mawe kwa Aliye Dodoma

Tangu wenye viwanda vya kukamua alizeti, matanuri ya matofali na karakana za mkaa mbadala wa Dodoma na Singida walipoanza kuyatazama makaa ya mawe kama mbadala wa kuni, swali ninaloulizwa kuliko mengine ni hili: harufu ya kiberiti inayotoka na moshi inaondolewaje, na je, mashine ya sumaku inayosifiwa kwamba haihitaji maji ndiyo inayotufaa sisi wa kanda kame? Swali hilo lina haki yake. Mji wetu hutegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, mvua yetu ni ya msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, na mtu anayeshauriwa ajenge mtambo wa kuoshea makaa huwaza maji yatatoka wapi kabla hajawaza bei. Hata hivyo, maji ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine imo ndani ya makaa yenyewe, na nimeshuhudia fedha zikipotea kwa sababu mashine ilinunuliwa kabla makaa hayajapimwa.

Salfa imekaa wapi

Salfa, ndiyo hicho kiberiti kinachonuka katika moshi, huwamo katika makaa kwa sura tatu. Ya kwanza ni salfa ya pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kimanjano, ambayo yamewahi kumdanganya mchimbaji mgeni akadhani ameona dhahabu. Ya pili ni salfa ya kikaboni, iliyofungamana na makaa yenyewe katika ngazi ya molekuli. Ya tatu ni ya salfeti, ambayo kwa kawaida ni kidogo sana na huongezeka makaa yakilala nje kwa muda mrefu yakipigwa hewa na mvua.

Mgawanyo huu ndio unaoamua kila kitu. Sumaku, maji na povu hutenganisha chembe na chembe, kwa hiyo njia zote tatu hugusa pairaiti peke yake. Salfa ya kikaboni haina chembe yake ya kutengwa, na hakuna sumaku wala beseni litakaloitoa. Chukua mfano wa makaa yenye salfa ya asilimia 2.4, ambayo 1.5 ni ya pairaiti, 0.8 ni ya kikaboni na 0.1 ni ya salfeti. Njia inayoondoa asilimia 60 ya pairaiti, jambo ambalo ni kazi nzuri, itatoa 0.9 na kukuachia takriban 1.5. Kwa kuwa kila kilo ya salfa inayoungua huzaa kama kilo 2 za gesi ya salfa dioksaidi, boila inayokula tani 5 kwa siku itashuka kutoka kilo 240 za gesi hiyo hadi kilo 150. Hiyo ni nafuu ya kweli, lakini aliyeahidiwa moshi usio na harufu atalalamika.

Lipo jambo jingine la kulisema mapema. Makaa ya Ruvuma, Njombe, Songwe na Rukwa ni ya miamba ya Karoo, tabaka za miamba ya kale za kusini mwa Afrika, na makaa ya aina hiyo kwa kawaida huwa na majivu mengi na salfa ya chini au ya wastani, tofauti na yale ya Illinois nchini Marekani ambako salfa ya asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida. Wengi wanaokuja wakiulizia salfa hugundua baada ya kipimo kwamba adui yao mkubwa ni majivu. Zipo tabaka zenye pairaiti ya kutosha kuleta shida, na ndiyo maana kipimo hutangulia.

Vigezo vya ulinganisho huu

Nimezipima njia nne kwa mambo matano. Kwanza, ni salfa ipi inayoguswa na kwa nguvu gani. Pili, makaa yanahitaji kusagwa hadi chembe za ukubwa gani. Tatu, mahitaji ya maji na umeme. Nne, hasara ya makaa mazuri pamoja na uzito wa mtaji. Tano, mabaki yanayoachwa nyuma, kwa sababu pairaiti iliyotengwa haipotei duniani: ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali ya salfa na kubeba metali hadi kwenye mikondo ya maji. Baada ya hayo nimeeleza kila njia inamfaa nani.

1. Kutenganisha kwa sumaku

*Salfa inayoguswa.* Hapa pana kutoelewana kwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika karakana moja ya hapa mjini kijana alinionyesha sumaku aliyoing'oa kwenye spika kuukuu, akaipitisha juu ya vumbi la makaa, na alipoona hakuna kilichonata akahitimisha kwamba makaa yale hayana salfa. Kipimo chake hakikuwa na uwezo wa kuonyesha chochote. Pairaiti ina chuma, lakini haivutwi kama msumari unavyovutwa. Huvutwa kwa udhaifu mkubwa sana, huku makaa safi yakisukumwa mbali na sumaku kwa udhaifu unaokaribiana na huo. Tofauti kati ya kuvutwa na kusukumwa ndiyo inayotumiwa, na kuipata kunahitaji ugasumaku wenye nguvu unaobadilika ghafla ndani ya umbali mfupi.

Mashine za kazi hiyo ni za namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni rola kavu za sumaku za kudumu za neodimiamu, ambazo makaa hupita juu yake kwenye mkanda mwembamba: yasiyovutwa hurushwa mbele, na yanayovutwa hubaki yakishikamana na rola hadi yanapoangukia upande wa nyuma. Namna ya pili ni mtungi uliojazwa nyuzi za chuma cha pua, uliozungukwa na koili inayotoa ugasumaku wa takriban tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya ugasumaku). Kila uzi huwa mahali pa mvuto mkali, nao hukamata chembe hafifu zinazopita pamoja na maji. Mashine hizo za nyuzi zilipata umaarufu kwa kusafisha udongo mweupe wa kaolini nchini Marekani kuanzia miaka ya 1970, na ni kutokana na mafanikio hayo kwamba watafiti walizielekeza kwenye makaa.

Sumaku huondoa pia saideraiti, ambayo ni madini mengine ya chuma, na udongo wenye chuma, hivyo majivu hushuka kiasi pamoja na salfa. Mchanga wa kwatzi hauvutwi na sumaku; utabaki katika makaa.

*Chembe na usagaji.* Hiki ndicho kikwazo halisi. Pairaiti ikiwa katika vinundu au katika nyufa za makaa, kusaga hadi milimita 1 au 2 huiachia. Lakini mara nyingine imetawanyika katika vishada vya chembe vyenye upana wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mithili ya tunda la forosadi, na hapo kila chembe ya makaa inabeba pairaiti yake tumboni. Nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi sana chembe inapokuwa ndogo, na rola kavu huanza kushindwa kwenye chembe zilizo chini ya mikroni 75 hivi, kwani vumbi hunata lenyewe kwa lenyewe na kufuata upepo. Nyuzi za chuma ndani ya maji huendelea kukamata chembe ndogo zaidi ya hapo, ila ukifika huko umekwisha kurudi kwenye maji uliyokuwa ukiyakimbia. Sumaku inayosifiwa kwa kutohitaji maji, kwa hiyo, ni ile ya rola, inayofanya kazi kwenye chembe kubwa kiasi.

Ipo njia ya kuisaidia sumaku. Pairaiti ikipashwa moto mahali pasipo na hewa, kwenye mamia kadhaa ya nyuzijoto, hupoteza sehemu ya salfa yake na kugeuka kuwa pirotaiti, ambayo huvutwa kwa nguvu nyingi zaidi. Hata tabaka jembamba la juu likigeuka, mvuto huongezeka. Mawimbi ya mikrowevu yamejaribiwa kwa sababu hupasha pairaiti haraka kuliko makaa yanayoizunguka. Ni fikra nzuri, lakini hadi sasa utenganishaji wa salfa kwa sumaku umebaki zaidi katika maabara na mitambo ya majaribio. Haujawa desturi ya migodi ya makaa. Anayekuuzia kama jambo la kawaida mwombe matokeo ya makaa yako mwenyewe.

*Maji na umeme.* Rola kavu haitumii maji, na sumaku ya kudumu haitumii umeme kuzalisha ugasumaku; umeme unaendesha mkanda, karasha na kinu. Sharti lake ni ukavu. Makaa yenye unyevu wa juu hunata, na kiangazi cha Dodoma cha Mei hadi Novemba hukupa miezi ya kuyaanika juani bure, faida ambayo mtu wa Mbinga hana. Mashine ya koili, kinyume chake, hula umeme mwingi na huhitaji kupozwa.

*Hasara na mtaji.* Rola huwa na uwezo mdogo kwa saa na hulazimu kupitisha makaa zaidi ya mara moja. Chembe zenye nusu makaa na nusu pairaiti huenda upande usioutaka. Tena kusaga makaa makavu huzaa vumbi, na vumbi la makaa likiwa hewani ndani ya banda lililofungwa hulipuka kwa cheche moja. Gharama ya kufyonza vumbi haikwepeki, wala haionekani kwenye bei ya mashine.

*Mabaki.* Hutoka makavu, hubebeka kwa koleo, na hayahitaji bwawa. Lakini ni pairaiti iliyosagwa. Yafunikwe kabla ya mvua za Desemba, kwenye sakafu isiyopitisha maji.

*Inamfaa nani.* Mwenye makaa ambayo pairaiti yake ni ya chembe kubwa, anayeyasaga kwa vyovyote kwa ajili ya mkaa mbadala, na asiye na maji.

2. Kuosha kwa tofauti ya uzito

*Salfa inayoguswa.* Maji yakihesabiwa kuwa 1, makaa yana densiti ya kati ya 1.2 na 1.5 hivi, mwamba wa udongo zaidi ya 2, na pairaiti karibu 5. Tofauti hiyo ni kubwa mno kulinganisha na ile ya sumaku, na ndiyo sababu uoshaji wa uzito umekuwa njia kuu ya dunia nzima. Mara nyingi huondoa kati ya asilimia 30 na 50 ya salfa ya pairaiti, na pamoja nayo sehemu kubwa ya majivu.

*Chembe na usagaji.* Hufanya kazi kwenye vipande vya milimita nyingi hadi nusu milimita, na mikondo inayozunguka kama parafujo hushuka hadi sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna haja ya kusaga sana, na hiyo ni akiba kubwa. Lakini pairaiti iliyofichwa ndani ya kipande huondoka nacho kwenda kwenye makaa safi.

*Maji na umeme.* Maji ndiyo uti wa mgongo wake. Mtambo mzuri huyarudisha yaleyale mara nyingi, lakini kila tani ya makaa hutoka na unyevu wake na kila bwawa huvukizwa na jua. Katika mtambo wa kimiminika kizito, maji huchanganywa na unga wa magnetaiti, madini mazito ya chuma yanayovutwa sana na sumaku, hadi yafikie densiti ya 1.4 hadi 1.8, makaa huelea, mwamba huzama. Inapendeza kujua kwamba sumaku zinazofanya kazi kila siku katika mitambo ya makaa duniani ziko hapa: zinaokoa magnetaiti isipotee na maji. Anayetaka kuona sumaku ikilipa katika biashara ya makaa, aitazame kazi hiyo.

*Hasara na mtaji.* Mtaji ni mkubwa, na hulipa kwenye wingi. Hapa napenda kuwauliza wenzangu wa Dodoma swali la njia: makaa yenye majivu ya asilimia 25 yanapopandishwa kwenye lori la tani 30, tani 7.5 ni majivu, nayo yanalipiwa nauli kutoka Songea, Njombe, Makambako, Iringa hadi Mtera na kuingia kwetu. Uoshaji una maana zaidi ukifanyika kule mgodini kwenye mito, kabla ya safari.

*Mabaki.* Mawe na tope. Tope linahitaji bwawa lililojengwa kwa utaalamu, na kibali cha mazingira kinachopitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

*Inamfaa nani.* Mgodi, au ushirika wa wachimbaji wenye mauzo makubwa na maji ya mwaka mzima.

3. Kuelea kwa povu

*Salfa inayoguswa.* Makaa huchukia maji na hupenda mafuta. Ukichanganya unga wake na maji, ukatia dizeli au mafuta ya taa kiasi kidogo pamoja na kemikali ya kutoa povu, kisha ukapuliza hewa, makaa hupanda na mapovu na udongo hubaki chini. Kwa majivu ni njia bora. Kwa pairaiti ni ngumu kidogo, kwa sababu uso wa pairaiti nao huweza kushika povu na kupanda pamoja na makaa. Wataalamu hudhibiti hali hiyo kwa chokaa na viungo vingine vya kuizamisha, au kwa kuelea mara mbili: kwanza makaa hupanda, halafu yanazamishwa na pairaiti ndiyo inayofanywa ielee.

*Chembe na usagaji.* Ni njia ya unga, chini ya nusu milimita. Pairaiti ya chembe ndogo inayoishinda rola kavu huwa na nafasi ya kushikwa hapa.

*Maji na umeme.* Tope la kuelea huwa na makaa ya asilimia 5 hadi 10 kwa uzito. Kwa asilimia 8, tani moja ya unga huogelea katika tani 11.5 za maji, ingawa mengi yake hurudishwa. Makaa yanayotoka kwenye chujio bado yana maji ya asilimia 20 hadi 30, na ni lazima yakaushwe.

*Hasara na mtaji.* Hasara ya makaa ni ndogo kukiwa na fundi mzoefu, na ni kubwa akiwa hayupo. Viungo hununuliwa kila mwezi.

*Mabaki.* Tope laini, gumu kukauka.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtambo wa kuosha tayari, anayetaka kuokoa vumbi linalotupwa. Sijaona sababu ya kuianzisha peke yake Dodoma.

4. Chokaa wakati wa kuchoma

Njia hii haitengi kitu. Hukamata salfa ndani ya moto, na kwa hiyo ndiyo pekee kati ya hizi nne inayogusa salfa ya kikaboni. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 1 ya salfa huhitaji kama kilo 3.1 za mawe ya chokaa, na kwa vitendo huhitaji zaidi ya hapo, kwani sehemu ya chokaa haikutani na gesi. Unga wa chokaa ukichanganywa kwenye mkaa mbadala, au ukitiwa kwenye tanuri la mchanga unaochemka (yaani unaorushwarushwa na hewa inayopulizwa kutoka chini) lenye joto la nyuzi 850 hivi, salfa hubaki katika majivu kama jasi. Joto likipanda kupita nyuzi 1,100 na kuendelea, jasi hiyo huanza kuvunjika na gesi hutoka tena, na ndiyo maana jiko lenye moto mkali hutoa harufu hata kama chokaa imo.

Maji ni machache, mtaji ni mdogo, usagaji ni uleule wa mkaa mbadala. Gharama yake ni majivu: unaongeza kitu kisichoungua kwenye bidhaa ambayo pengine tayari ina majivu mengi, na joto kwa kilo hupungua. Mabaki ni majivu yaliyochanganyika na jasi, yasiyo na hatari ya pairaiti. Inawafaa watengenezaji wadogo, na wenye makaa ambayo salfa yake ni ya kikaboni.

Njia za kemikali, kama kuchemsha makaa katika sodiamu haidroksaidi iliyoyeyushwa au kuwaachia bakteria wale pairaiti kwa siku nyingi, nimeziacha nje ya ulinganisho. Ya kwanza ni ghali na ya hatari, ya pili ni ya polepole, na kwa ukubwa wa shughuli za kanda yetu hazina nafasi kwa sasa.

Kwa hali yako

Kama bado hujanunua chochote, anza na sampuli. Chota sehemu nyingi za rundo, changanya, gawa robo kwa robo hadi zibaki kilo chache, halafu omba vipimo vya salfa yote, salfa kwa sura zake tatu, majivu, unyevu na joto. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapa hapa Dodoma. Waulize wanafanya vipimo vipi na vipi vitabidi vipelekwe kwingine. Omba pia kipande kilichong'arishwa kitazamwe kwa hadubini, ili uione pairaiti ilivyo kwa ukubwa. Kipimo hicho ni senti kulinganisha na bei ya rola moja ya sumaku.

Kama salfa yako yote iko chini ya asilimia 1 na majivu yamezidi 20, achana na sumaku. Tafuta makaa yaliyooshwa mgodini, au zungumza na mgodi juu ya kuosha.

Kama pairaiti ni zaidi ya nusu ya salfa na hadubini imeonyesha chembe za sehemu za milimita, na wewe ni mtengenezaji wa mkaa mbadala mwenye kinu, peleka gunia moja likajaribiwe kwenye rola kavu kabla ya kulipa. Dai takwimu tatu kwa pamoja: salfa iliyobaki, makaa yaliyopotea, na tani kwa saa. Muuzaji anayekupa ya kwanza bila ya pili hajakupa jibu.

Kama pairaiti ni ya mikroni chache, usisage ukitumaini kuifikia kwa mashine kavu. Chagua kati ya kununua makaa ya tabaka jingine na kutumia chokaa.

Kama salfa nyingi ni ya kikaboni, chokaa au kubadilisha chanzo ndiyo yaliyobaki kwako, hata muuzaji wa mashine akisema nini.

Kama unauza kwa viwanda vya saruji, uliza kwanza mpaka wao wa salfa. Tanuri la saruji hufyonza sehemu kubwa ya salfa ndani ya klinka, yaani vinundu vinavyosagwa kuwa saruji, na hulalamika pale tu inapozidi na kuanza kuziba mapito ya gesi. Huenda makaa yako yanakubalika kama yalivyo, na fedha ya mtambo ukaitia kwenye ghala lenye paa, ambalo litayakinga na mvua ya Januari na kupunguza hatari ya rundo kujiwasha lenyewe.

Na kama unapika chakula cha shule au cha kambi, usisubiri mashine yoyote. Weka bomba la moshi linalotoka nje ya paa, acha hewa ipite jikoni, na nunua mkaa mbadala ambao mtengenezaji wake anaweza kukuonyesha karatasi ya maabara yenye salfa na majivu yake.